Maji ya mgonjwa: hatua kwa hatua mpaka kwa kikombe

Mamangu alitoka Busia akaja Kampala kuanza kemo, zile dawa kali za kansa, pale hosipitali ya Mulago, akakaa na mimi kwa muzigo wangu, chumba kimoja na pazia katikati. Maji tulikuwa tunachemsha kila siku, tena mimi nilikuwa mkali kwa hiyo mambo. Lakini wiki ya tatu akashikwa na kuhara, joto likapanda, tukatoka usiku na boda mpaka hosipitali. Nesi aliyempokea hakuniuliza kama nachemsha maji. Aliuliza, "Mama, hayo maji mnayachota na nini?"

Nikanyamaza. Tulikuwa tunachemsha kwa sufuria kubwa, yakipoa tunayaacha hapo hapo, na kila mtu anatumbukiza kikombe chake, mimi, watoto wangu wametoka kucheza nje, jirani amepita kusalimia akasema nipe maji kidogo. Siwezi kuapa kwamba ni kikombe kilimletea mamangu ule ugonjwa, lakini tangu siku hiyo nilijifunza kwamba moto unaua vijidudu mara moja tu, baada ya hapo maji hayana mlinzi, mlinzi ni wewe.

Nimeandika hii kwa yeyote anayekaa na mtu ambaye mwili wake hauna nguvu ya kupigana. Kwa vile sisi wazima tunakunywa hayo maji na hatuumwi, tunafikiri ni masafi. Hapana. Mzima anaweza kunywa kitu kibaya akasikia tumbo kidogo likapita, mgonjwa akikinywa analala wodini.

Kwanza jua mtu wako yuko kundi gani

Watu ninaowasema ni hawa: mwenye kansa anapata kemo, mwenye virusi vya UKIMWI hasa kama CD4, ile hesabu ya askari wa kinga kwenye damu, iko chini ya 200 au ndio ameanza dawa juzi, aliyewekewa figo ya mtu mwingine, mtu anayekula dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu, mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo, mama mjamzito, mzee sana, na mwenye sikoseli, ile selimundu ya vitabuni.

Hawa hawafanani. Mwenye sikoseli anahitaji kunywa maji mengi kwa sababu mwili ukikauka tu damu inashikana na maumivu yanaanza, alafu vijidudu vya aina ya salmonela vinapenda kumuingia mpaka kwa mifupa, kwa hiyo yeye anahitaji maji mengi NA masafi. Mama mjamzito ana hatari yake nyingine, homa ya ini aina ya E, inayopitia kwa maji yenye kinyesi. Mwaka 2007 ilianza kule Kitgum wakati watu wengi walikuwa bado kwa makambi, ikashika zaidi ya watu 10,000, na mama wajawazito walikuwa kati ya walioumia zaidi. Kwa mtu mwingine hiyo homa mara nyingi inapita yenyewe.

Na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, tafadhali usimwambie "kunywa maji mengi" vile tunawaambia wagonjwa wote. Yeye anapimiwa na daktari maji ya siku nzima, na hata maji ya kumezea dawa yanahesabiwa ndani. Ya kwake yawe masafi lakini kwa kipimo.

Pili, jua maji yako yanatoka wapi

Maji ya mfereji ya NWSC, shirika la maji la taifa, yanawekewa klorini kabla hayajatoka, pale Ggaba kwa mfano wanayavuta kutoka ziwa Victoria na kuyasafisha vizuri. Shida sio pale, shida ni njiani. Maji yakikatika siku mbili, paipu inabaki tupu, na kama ina ufa mahali inapita kwa mtaro, uchafu wa mtaro unavutwa ndani. Yakirudi yanakuja rangi ya chai. Kwa hiyo yakirudi usikinge ya kwanza kwa ajili ya kunywa, acha yatiririke mpaka yawe meupe kabisa, hayo ya kwanza weka kwa choo au fulia, na hata yakishakuwa meupe bado unachemsha. Kwa mgonjwa hakuna kitu kama maji ya mfereji ya kunywa moja kwa moja, kwetu hapa bado.

Chemchemi, zile wamejengea simiti na paipu inatoka, watu wanaziamini sana kwa sababu maji yake ni baridi na yanang'aa, na wazee wanasema tumekunywa hapa tangu utotoni. Lakini utotoni mwao pale juu ya kilima hakukuwa na vyoo vya shimo mia mbili. Kwa mitaa ya Kampala iliyo bondeni maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na mashimo ya vyoo, na kung'aa hakumaanishi kitu. Mimi ya chemchemi nafulia tu.

Kisima cha kupampu kijijini mara nyingi ni kizuri kuliko vingine vyote, isipokuwa kwamba vingi vina chuma ndani yake, utaona chai inageuka nyeusi na jerikeni inapata kutu kutu. Chuma chenyewe sio sumu kwa kiasi hicho ila kinakula klorini, utaweka kidonge na kidonge kitaishia kupigana na chuma badala ya vijidudu. Kwa hiyo maji ya namna hiyo chemsha.

Ya mvua ni mazuri kama mabati ni masafi. Ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha kinyesi cha ndege na popo na vumbi lote la miezi miwili, hiyo iache ipite, kinga baada ya dakika kama kumi na tano hivi. Ya ziwani, mtoni na bwawani ambako ng'ombe wanakunywa, mgonjwa asiyaone kabisa kama hayajachemshwa.

Maji ya muuzaji wa kusukuma jerikeni na baiskeli, muulize anachota wapi, alafu siku moja mfuate uone kwa macho yako. Sio kwamba ni mtu mbaya, anatafuta riziki, na maji yakikatika kwa mfereji anaenda yanakopatikana.

Tatu, jerikeni

Hii watu wanaipuuza. Ile jerikeni ya njano ya lita 20 karibu zote zilianza maisha zikiwa za mafuta ya kupikia, alafu ikakaa miaka mitano inabeba maji haijawahi kuoshwa ndani. Ingiza kidole kwa mdomo wake usikie ule utelezi. Huo utelezi ni nyumba ya vijidudu, na ukimimina maji yaliyochemshwa juu yake umerudi mwanzo.

Namna ya kuosha: weka ndani changarawe safi au mchanga mkubwa kama viganja viwili, sabuni ya unga, maji moto kidogo yasiyokunja plastiki, funga, tikisa kwa nguvu ukigeuza geuza dakika tatu nne, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, suuza mara mbili, alafu jaza maji yenye klorini uache nusu saa kabla ya kumwaga. Fanya hivyo kila wiki. Kifuniko pia, na uzi wake wa ndani, piga na mswaki mzee. Na wale wanafunga mdomo wa jerikeni na ndizi au kaveera, mfuko wa plastiki, kwa sababu kifuniko kilipotea, jamani, kifuniko kinauzwa peke yake sokoni, nunua.

Jerikeni iliyowahi kubeba dawa ya shamba, petroli au asidi ya betri, usiioshe wala usijaribu. Haioshiki. Itoboe ili mtu mwingine asiitumie.

Alafu tenga jerikeni ndogo ya mgonjwa, lita 5 au 10, mpya kama unaweza. Sisi tulifunga kamba nyekundu kwa mkono wake na watoto wakajua hiyo ni ya jaja, bibi yao, haiguswi. Hii ndio ilinisaidia hata kwa upande wa makaa, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kuchemsha maji ya nyumba nzima kwa kiwango cha mgonjwa kila siku. Nilipiga hesabu ya mamangu: ya kunywa, ya kumezea dawa, ya mswaki, ya kusukutua maana kemo inatoa vidonda mdomoni, ya kuoshea matunda yake. Inafika kama lita 4 au 5. Hizo lita 5 unazilinda kama dawa. Wengine wakunywe ya kawaida yaliyochemshwa, na mambo hayakwami.

Nne, kama maji yana tope

Yaache yatulie kwa ndoo iliyofunikwa kutoka jioni mpaka asubuhi, alafu mimina yale ya juu polepole kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kitambaa ukifue kila mara na ukianike juani. Kitambaa hakiui kitu, kinatoa uchafu tu ili moto au klorini ifanye kazi yake vizuri. Tuendelee.

Tano, chemsha

Kwa mtu mwenye kinga ya chini, kuchemsha ndio nambari moja, na sababu yake wengi hawaijui. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, wahudumu wanakifupisha kripto. Kinavaa ganda gumu na klorini ya kawaida haikiui, unaweza kuweka kidonge, ukangoja nusu saa, ukasikia harufu ya klorini, na chenyewe kiko hai. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee huko Marekani, mji wenye mitambo ya kusafisha maji, kripto ilipita kwa mfereji na watu kama 400,000 wakahara. Wazima wakapona baada ya wiki moja mbili. Waliokufa, wengi wao walikuwa watu wenye UKIMWI. Kwa mtu mwenye CD4 ya chini kripto inaweza kumharisha miezi, anaisha kama mshumaa, na hakuna dawa ya uhakika ya kuimaliza mpaka kinga yenyewe ipande kwa ARV, zile dawa za virusi.

Lakini kripto inaogopa moto kabisa.

Weka maji kwa sufuria yenye kifuniko, usijaze mpaka juu. Ngoja mpaka yatokote kweli kweli, mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na hata ukikoroga hayatulii. Vile vipovu vidogo vya pembeni bado. Yakitokota hivyo hesabu dakika 1 nzima. Kama unakaa milimani juu ya mita 2,000, kuna vijiji hivyo kule Kigezi na kwenye mlima Elgon, hesabu dakika 3, kwa sababu kule juu maji yanatokota kabla hayajawa moto sana. Hata Kampala maji yanatokota kwa digrii kama 96 hivi sio 100, ila hiyo inatosha.

Nimeona watu wanachemsha nusu saa nzima wakifikiri ndio usafi zaidi. Ni makaa yanaungua bure, na makaa ni bei. Mimi nachemsha usiku nikishamaliza kupika, sigiri bado ina moto mzuri, maji yanatokota haraka, natoa, nafunika, yanapoa usiku kucha. Birika la stima nalo ni zuri, likijizima baada ya kutokota liwashe tena mara moja ili upate ile dakika.

Sasa hapa pa kupoza ndipo watu wanaharibu. Yaache yapoe kwa sufuria ile ile na kifuniko chake juu. Usiongeze maji baridi "kidogo tu". Usiweke barafu. Usiyarushe rushe kutoka kikombe kwenda kikombe upozee upesi, labda vikombe vyote viwe vimechemshwa. Na usiyaache wazi eti yapate hewa.

Kitu kimoja moto hauwezi: madini na kemikali. Maji ya kisima kilicho karibu na choo au shamba lenye mbolea nyingi yanaweza kuwa na naitreti, na ukichemsha ndio inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Naitreti ni hatari kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kopo, damu yake inashindwa kubeba hewa na anageuka rangi ya bluu. Kwa huyo badilisha chanzo cha maji, usitegemee moto.

Sita, siku ambayo huwezi kuchemsha

Makaa yameisha, hela hakuna, au uko safarini. Vidonge vya klorini kama Waterguard na Aquasafe viko kwa duka la dawa na mara nyingine VHT, mhudumu wa afya wa kijiji chenu, anavyo. Soma paketi, kwa sababu vidonge vina nguvu tofauti, kuna cha lita 5 na kuna cha lita 20, usikisie. Maji yawe meupe kwanza, weka kidonge, funga, tikisa, ngoja dakika 30 nzima. Ukiyanywa usikie harufu kidogo ya klorini, hiyo harufu ni nzuri, inamaanisha klorini imebaki inalinda. Kama hausikii kitu kabisa, uchafu umeimaliza yote, hayo maji sio ya mgonjwa.

Nimesema klorini haiui kripto, lakini usiidharau, kwa taifodi na kipindupindu na bakteria wengi inafanya kazi sana. Kuna utafiti ulifanywa mashariki kwetu huku upande wa Tororo, majibu yakatoka 2005, watu wenye virusi walipewa klorini na chombo cha lita 20 chenye mdomo mwembamba na bomba lake. Waliharisha mara pungufu kwa asilimia 25. Na pale ilipoungana na septrini ya kila siku, ile dawa ya kuzuia maambukizi, ikapungua kwa asilimia 67. Kwa hiyo kama daktari amekuandikia septrini usiiache eti unachemsha maji, na ukiwa kwa septrini usiache maji. Vinashikana mkono. Sisi baadaye tulifanya yote mawili, tunachemsha, yakipoa tunaweka klorini kidogo kulingana na paketi ili ilinde maji yanapokaa.

Chujio la udongo, lile la ndoo lenye chungu ndani, hata hapa Uganda linatengenezwa, ni zuri kwa nyumba, linashika bakteria na vijidudu vikubwa kama kripto, ila virusi ni vidogo sana vinapita. Kwa mgonjwa chuja, alafu chemsha au weka klorini. Chungu kikipata ufa hata mwembamba kama unywele, kimekufa, badilisha. Na kisuguliwe kwa brashi na maji masafi tu, bila sabuni.

Jua, yaani kulaza chupa ya plastiki isiyo na rangi kwa mabati kwa muda wa masaa 6, au siku 2 kama kuna mawingu, inasaidia watu wengi vijijini na haina gharama. Lakini kwa mtu wa kemo au CD4 ya chini mimi singetegemea jua peke yake, kripto inavumilia.

Maji ya chupa: tazama alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, tazama kifuniko kama kimekatwa pete yake mbele yako, na kama chupa ina mikwaruzo mingi au lebo imebandikwa vibaya rudisha. Maji ya buveera ya kung'ata kona na kunyonya, hapana. Mwaka 2015 Kampala taifodi ilipolipuka, maji na juisi za kuuzwa mtaani ndio zilikutwa na uchafu.

Saba, kuchota

Nimefika kwa kikombe.

Chombo cha kuwekea maji yaliyochemshwa kiwe na mdomo mwembamba mkono usiingie, au kiwe na bomba chini. Fundi anaweza kutoboa jerikeni akafunga bomba la plastiki, sio ghali. Kama unayo nsuwa, ule mtungi wa udongo, najua maji yake ni baridi matamu na wagonjwa wanayapenda, basi tumia kata yenye mkono mrefu inayoning'inia peke yake kwa msumari, haiwekwi chini, haiwekwi juu ya kifuniko, hakuna anayenywea, inachota na kumimina tu. Lakini ukweli ni kwamba nyumba yenye watoto hiyo kanuni inavunjwa kabla ya jua kutua, kwa hiyo mdomo mwembamba ni salama kuliko sheria.

Weka juu ya stuli au meza, sio sakafuni ambako kuku wanapita na maji ya kudeki yanaruka. Funika saa zote. Osha mikono na sabuni kabla ya kugusa bomba au kumimina. Kikombe cha mgonjwa kiwe chake, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe kwa hewa kimepinduliwa, usikifute na kile kitambaa cha jikoni kinachofuta kila kitu.

Maji yaliyochemshwa maliza ndani ya siku moja. Usiongeze mapya juu ya ya jana. Yaliyobaki pikia au fulia, suuza chombo, jaza upya. Na jirani akija akisema nipe maji, mpe, kwetu hakuna kumnyima mtu maji, ila mmiminie wewe, kutoka kwa ile jerikeni nyingine.

Nane, maji yanayoingia bila kuyaona

Mswaki. Watu wanachemsha ya kunywa alafu mgonjwa anapiga mswaki kwa maji ya mfereji mabichi na mdomo una vidonda. Barafu pia, kugandisha hakuui vijidudu, vinalala tu. Juisi ya mtaani ya pashoni au mananasi, hata ya rafiki yako, imechanganywa na maji gani? Bushera, kile kinywaji cha unga wa mtama au wimbi, isiyochemshwa. Maji ya kuoshea nyanya na matunda ya kuliwa mabichi. Kwa mtu wa kemo chagua lenye ganda la kumenya, ndizi, chungwa, embe, na maganda uyaoshe kabla ya kumenya kwa sababu kisu kinavuta uchafu ndani. Dawa za unga za watoto ambazo unaongeza maji mpaka kwa mstari, hayo maji yawe yaliyochemshwa na yamepoa.

Na wazee wetu wa Tororo, Busia na Teso wanaokaa duara na mirija ya malwa, pombe ya wimbi, mzee akiwa kwa matibabu hayo, mpeni heshima yake akae kwa duara azungumze na wenzake, lakini chungu na mirija aachane nayo, hata kama maji yake yanawekwa moto.

Kwa mtoto mchanga chini ya miezi 6 ni rahisi: ziwa la mama peke yake, hakuna maji hata kijiko, hata kukiwa na jua kali, maziwa yana maji yote anayohitaji. Kama kuna sababu ya hosipitali ya kutumia maziwa ya kopo, unga wenyewe una vijidudu wakati mwingine, kwa hiyo changanya na maji yaliyochemshwa yakiwa bado moto, yasipungue digrii 70, maana yake yasikae zaidi ya nusu saa tangu yatoke motoni. Alafu poza chupa iliyofungwa kwa maji baridi nje, jaribu kwa kifundo cha mkono, mpe. Yaliyobaki baada ya masaa mawili mwaga hata kama inauma.

Tisa, akiharisha

Usingoje asubuhi kama yuko kwa kemo na joto limefika digrii 38. Hiyo ni usiku huo huo, hata kama anasema anasikia vizuri, kwa sababu chembechembe nyeupe zikiwa chini mwili hauna jeshi na mambo yanageuka kwa masaa. Mtoto mwenye macho yaliyoingia ndani, anayelia bila machozi, hakojoi, naye ni sasa hivi. Damu kwa choo, kutapika kila anachokunywa, kuhara maji maji kama maji yaliyooshea mchele, wote waende.

Njiani na nyumbani mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kidogo kidogo. Kama hakuna paketi: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Mtoto aongezewe zinki siku 10 mpaka 14. Mgonjwa wa figo na wa moyo piga simu kwanza kwa wanaomtibu kabla ya kumjaza maji.

Na kwa mwenye virusi aliyeharisha zaidi ya wiki mbili na vipimo vya choo vinasema hakuna kitu: muulize daktari kwa heshima kama wamepima kripto. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiioni, inahitaji rangi maalum maabara, na wasipoambiwa hawapimi. Wengi wamerudishwa nyumbani na dawa ya minyoo.

Mimi siku hizi naweka mfuko tayari nyuma ya mlango, ndani kuna chupa ya lita 1 na nusu ya maji yaliyochemshwa ambayo nabadilisha kila asubuhi, kikombe chake, paketi mbili za ORS, kadi yake ya kemo, na karatasi ninayoandika saa alianza kuhara, mara ngapi, na joto lilikuwa ngapi, kwa sababu wodini hakuna maji ya kunywa yanayokungoja, na usiku daktari akiuliza "tangu lini?" akili inakimbia.

Kwa mkono wa huo mfuko nimefunga kamba nyekundu.